Alto Iliyojificha

Kibanda changu cha ushonaji kiko Kisauni, Mombasa, ukishapita Kengeleni, mtaa uliopata jina lake kwa ile kengele ya Freretown. Kwaya niliingia nikiwa na miaka 41, watoto wameshakua. Mwalimu alinisikiliza kama dakika moja hivi, akaninyoshea kidole upande wa kushoto: "Mama, wewe ni alto. Kaa na wale." Nikaenda nikakaa na wanawake wa sauti ya chini, kwa furaha ya mtu aliyepewa cheo. Mwaka mzima ulipita kabla sijaelewa kwamba nilikuwa nimepewa sauti isiyosikika.

Soprano, mwanamke wa sauti ya juu, ana tuni, na tuni kila mtu anaijua hata mtoto wa jirani. Besi wanatikisa viti. Wanaume wa tena, wa sauti ya juu kuliko besi, wana madaha yao. Alto ni bitana ya koti: mteja haioni, lakini ukiacha kuitia, koti linakaa vibaya na hajui kwa nini. Shida ni kwamba vitabu vyetu vingi vya Kiswahili, Tenzi za Rohoni kikiwa mfano wa karibu kabisa, vimechapwa maneno matupu bila nota. Tuni tumezipokea kwa masikio, mimi nilizipokea kwa bibi yangu wa kule Rabai ambaye hakujua kusoma hata jina lake. Lakini alto hakuna aliyenirithisha. Bibi aliimba tuni, mama akaimba tuni, na mimi nikaja kuambiwa niimbe kitu kingine kabisa chini ya tuni ile ile.

Ndipo nikaanza kutafuta rekodi. Simu naiweka juu ya meza ya kukatia, bando nalinunua usiku lilipo rahisi, napakua, mchana nasikiliza nikishona.

Kosa la kwanza nililifanya kwa uroho wa uzuri. Nilianza na kwaya ya King's College, Cambridge, ile ya wavulana na wanafunzi wa kiume, ambayo ibada yake ya mkesha wa Krismasi BBC wameitangaza redioni tangu 1928. Nani asiyeipenda? Nilishona sare za shule wiki mbili nzima huku machozi yakinilengalenga. Lakini kujifunza sikujifunza kitu. Kanisa lao lina dari ya mawe iliyo juu sana, sauti inapanda, inazunguka, inarudi ikiwa imechanganyika na ya nyuma yake, na maneno yanayeyuka kama sukari kwenye chai. Nikatega sikio nisikie alto, sikuipata. Baadaye nikaja kugundua kwamba alto wao ni wanaume wanaoimba kwa sauti nyembamba. Mimi nilikuwa natafuta mwanamke mwenzangu ambaye hakuwepo.

Basi sauti niliyoisikia wazi katika beti ya mwisho, iliyopaa juu ya nyingine zote, nikaidhania ndiyo yangu. Nikaikariri. Alhamisi ya mazoezi tukafika beti ya mwisho, nikaachia. Soprano wawili wakageuka. Mwalimu akasimamisha kinanda.

"Mama, hiyo umeitoa wapi?"

"Kwenye simu, mwalimu. Si alto?"

Akacheka mpaka akavua miwani. Kumbe ile inaitwa deskanti, pambo linalowekwa juu ya tuni katika beti ya mwisho, na huimbwa na soprano wachache huku wengine wote wakishika tuni. Mwalimu amelelewa Ribe kwa Wamethodisti, ambako misheni yao ilianza mwaka 1862, na ana tabia ya kumtaja John Wesley, mwanzilishi wa Wamethodisti, kama anavyotajwa mjomba wa ukoo. Akaniambia Wesley aliandika maagizo ya uimbaji mwaka 1761: imbeni nyote, imbeni kwa nguvu wala si kama waliokufa nusu, lakini msipige kelele ili msikike juu ya wenzenu. Hilo la mwisho alilisema polepole, akinitazama.

Tangu siku hiyo nina kanuni moja: rekodi ya kusikiliza ni kitu kimoja na rekodi ya kujifunzia ni kingine. Kwa wanaoanza, nitasema nilichokiona kwa masikio yangu.

Kwa kujua tuni na mahali pa kuvuta pumzi, kwangu hakuna iliyonifaa kama Songs of Praise, kipindi cha BBC kilichoanza mwaka 1961. Hapo wanaoimba ni waumini wa kawaida wamejaa kanisani, wazee kwa vijana, na maneno yanapita chini ya picha. Waumini wakiwa wengi hawakimbii. Wanavuta pumzi kama unavyovuta wewe, na ukiwaangalia midomo unajua mstari unaishia wapi. Kama bado ni haraka, YouTube ina mahali pa kupunguza mwendo mpaka robo tatu na sauti haishuki.

Kwa tenzi za Kiingereza zenyewe, zile kongwe, kuna mfululizo wa kwaya ya kanisa kuu la Wells chini ya Malcolm Archer, uitwao The English Hymn, sahani tano za CD, umetolewa na kampuni ya rekodi ya Hyperion. Maneno yao yanasikika, na ogani haiwafuniki. Ila tahadhari nimeshailipia ada: sikilizeni beti ya pili na ya tatu. Ya mwisho ndipo mpiga ogani anapobadilisha mapatano, yaani nota zinazolia pamoja, na deskanti inapozuka, na ukiikariri hiyo utachekwa mpaka mwalimu avue miwani, kama mimi.

Kuhusu matoleo ya Kiswahili yaliyojaa mtandaoni, nitasema kwa upole. Mengi ni ya kucheza, yana ngoma ya kinanda chini yake, na mwimbaji akifika mwisho wa mstari anapinda tuni apendavyo. Ni mazuri kwa kufulia nguo. Ukijifunzia hapo, Jumapili utapinda kulia na kanisa zima litapinda kushoto.

Sasa jambo lililonifungua macho zaidi ya yote. Mwalimu ana kitabu cha Kiingereza chenye nota, kimechakaa, jalada lake limeshikwa kwa gundi ya nailoni. Siku moja nilimwambia natafuta Zaburi ya 23 ya kuimba na simu inaniletea nyimbo mia mbili zisizofanana. Akafungua kitabu. Juu ya wimbo kulikuwa na neno moja dogo upande, na chini yake tarakimu: Crimond, 8.6.8.6.

"Hilo ndilo jina la tuni," akasema. "Maneno yana jina lake, tuni ina jina lake. Tafuta kwa jina la tuni."

Kumbe! Crimond ni kijiji cha Uskoti. Maneno ya zaburi ile yalichapwa katika Zaburi za Waskoti za mwaka 1650, tuni ikaja zaidi ya miaka mia mbili baadaye, na iliyoisambaza ni harusi ya binti mfalme Elizabeth mwaka 1947. Nilipoandika "Crimond" kwenye simu, zikaja zile zile ninazozitaka, na pembeni zikaja hata zile za kufundishia sauti moja moja. Ukiandika "St Anne" utapata tuni ya William Croft ya mwaka 1708, ambayo Waingereza huiimbia maneno ya Isaac Watts yaliyotoka Zaburi ya 90. Ukiandika "Old Hundredth" utapata mama wa tuni zote, iliyotoka kwenye Zaburi za Geneva mwaka 1551 kwa mkono unaodhaniwa kuwa wa Loys Bourgeois. Huko Geneva iliimbiwa Zaburi ya 134, ni Waingereza walioihamishia ya 100, ikabaki na namba hiyo mpaka leo.

Na zile tarakimu? Nilimuuliza mwalimu, akasema ni hesabu ya silabi katika kila mstari: nane, sita, nane, sita. Nyimbo zenye hesabu moja zinaweza kuazimana tuni. Nikaenda nyumbani nikajaribu, nikaimba maneno ya Crimond kwa St Anne. Yakaingia yote, hakuna lililobaki nje. Lakini moyoni nikajisemea, hiki kitu mbona nakijua?

Aliyenijibu ni mzee mmoja mteja wangu, Mwislamu, mtu wa Mji wa Kale, anayeniletea kanzu zake kupunguza pindo. Amekaa kwenye benchi langu akisubiri, mimi naimba kwa midomo huku nahesabu kwa vidole.

"Wahesabu nini, mwanangu?"

"Silabi, mzee. Mwalimu anasema ni nane."

"Silabi ni za shule. Hizo ni mizani." Akanyoosha vidole vyake. "Utenzi una mizani minane kwa kila kipande, vipande vinne. Kitabu chenu hakiitwi tenzi?"

Nilisimamisha cherehani. Vipande vinne vya mizani minane ni 8.8.8.8, ndiyo hesabu ya Old Hundredth. Nikamwomba anisomee ubeti wowote wa utenzi anaoujua, akanisomea wa mawaidha, nikauimba kwa tuni ile ya Geneva. Ulienea sawasawa, nota 32 kwa mizani 32. Lakini mzee alikunja uso kama aliyeonja maembe mabichi.

"Wayavuta maneno kisogo," akasema. "Neno la Kiswahili huliwekea uzito kabla ya mwisho. Wewe waniwekea mwisho, kama Mzungu."

Nikafikiri juu ya hilo siku nyingi kuliko mahubiri yoyote. Chukua wimbo tunaoupenda sote, "Cha kutumaini sina." Mizani ni minane, imetimia. Lakini tuni yake ilitungiwa Kiingereza ambacho mstari wake unaishia kwa kishindo, basi sisi tunaimba "siNAA," na hakuna Mswahili asemaye hivyo sokoni Kongowea. Halafu chukua "Yesu kwetu ni rafiki." Tuni yake, aliyoitunga Charles Converse mwaka 1868, mstari wa kwanza unaishia kwa nota nzito ikifuatwa na nyepesi. Kwa hiyo "raFIki" linaangukia pale pale linapoangukia mdomoni. Ndiyo maana wimbo ule hata mlevi wa chang'aa huuimba bila kukosea, na ule mwingine lazima tuufanyie mazoezi. Sikuona jambo hili katika kitabu chochote. Nimelipata kwa mteja aliyekuja kupunguziwa kanzu, na tangu hapo nikisikiliza rekodi ya Kizungu najiuliza kwanza uzito unaangukia wapi, kabla sijauliza nota ni ipi.

Zaburi za maneno ya Biblia, zisizo na beti, nitazipitia haraka kwa sababu kanisani kwetu huwa tunazisoma kwa kupokezana. Pasaka moja mwalimu alitaka tuimbe ya 95, "Njoni, tumwimbie Bwana," kwa mtindo wa Kianglikana. Hapo tuni ni fupi mno, mapatano kumi tu, na maneno ndiyo yanayorefuka. Unakaa kwenye patano la kwanza ukisema maneno mengi kadiri yalivyo, kisha unasogea kwenye mwisho wa mstari. Rekodi ya kufuata ni ya kwaya ya kanisa kuu la St Paul's la London chini ya John Scott, Hyperion tena, zaburi zote 150 katika sahani 12. Wanasema maneno kama watu wanaozungumza. Sisi tuliyakatakata kama mboga, na Pasaka hiyo siihesabu.

Sasa turudi kwa alto, maana ndiyo iliyonileta huku.

Rekodi zinazofundisha alto kweli ni mbaya za kusikiliza, niseme ukweli. Mtu amekaa na kinanda chake mahali fulani, anapiga alto kwa nguvu na sauti nyingine kwa chini, ti ti ti, kama tarumbeta ya basi. Hazina utukufu wowote. Lakini siku tatu nyingi, umeijua. Mimi nikishaipata naiandika kwa solfa, yaani do re mi kwa herufi moja moja, kwa chaki ya fundi juu ya meza. Tuni ya Old Hundredth inaanza d d t l s d r m, na chini yake alto yetu ni s s s halafu inashuka m. So, so, so. Soprano anashuka ngazi, mimi nimekaa mlangoni. Mwanzo niliona ni dharau. Siku hizi nikisikia soprano anashuka huku mimi sijasogea, nasikia mwili mzima ukikakamaa vizuri, kama kitambaa ukikivuta pande mbili kabla ya kukata.

Kitu kimoja cha spika. Spika ya simu haisemi sauti za chini. Mume wangu ni besi, alikaa mwezi akilaumu rekodi kwamba hazina besi, mpaka kijana wa duka la simu akatuazima woofa yake. Besi zote zilikuwemo.

Za ajabu nilizozipata katika kutafuta ni mbili. Ya kwanza ni zaburi za Kigaeli za visiwa vya Uskoti, hasa Lewis. Hawana kinanda. Kiongozi mmoja anatoa mstari peke yake, kisha kanisa lote linamfuata, kila mtu kwa mapambo yake na kwa wakati wake, mpaka inakuwa kama mawimbi yanayopanda pwani bila kupangana. Watu wengi wakisikia mara ya kwanza hudhani wamekosea. Mimi nilikumbuka Rabai, mzee wa kanisa akisoma mstari kwa sauti na akina bibi wasiojua kusoma wakiupokea. Kujifunzia alto pale haiwezekani, lakini kujifunza kutoogopa kwenda polepole, inawezekana.

Ya pili ni ya Marekani, Sacred Harp, kitabu kilichotoka mwaka 1844, mwaka ule ule mmisionari Krapf alioingia Mombasa. Wanakaa mraba wakitazamana, sauti nne pande nne, wanaimba kwanza majina ya nota, fa so la, ndipo maneno. Tuni iko kwa tena, angalia usidanganyike. Na alto! Wanawake wale wanaimba alto kwa kifua chote kama wanaita mtu ng'ambo ya mto. Nilipiga makofi peke yangu kibandani. Baadaye nikasoma kwamba alto za nyimbo nyingi mle ziliongezwa mwanzoni mwa karne ya 20, awali hazikuwepo. Hata huko tulichelewa kuitwa. Desturi yao ya nota kwanza maneno baadaye tuliichukua, na mazoezi yetu yamefupika kwa karibu nusu saa.

Rekodi ninayoitumia mwenyewe zaidi haipatikani mtandaoni. Mwaka juzi tulikwenda Rabai kwenye mazishi ya shangazi yangu. Umeme ulikuwa umekatika, kinanda hakikuletwa, tumekaa chini ya mwembe juu ya mikeka. Wazee wakaanzisha Old Hundredth, polepole kuliko nilivyowahi kuisikia, maneno ya Kiswahili, nota mbili tatu wamezipindisha kwa namna ambayo Geneva wasingeitambua. Niliwaomba ruhusa jioni nilipowakuta tena wakiimba, nikawasha simu nikaiweka mapajani, ndani ya leso.

Nilipofika nyumbani nikasikiliza. Kuna mbuzi. Kuna mtoto anayeomba maji. Soprano wako mbali, wanasikika kama wako ng'ambo ya barabara. Lakini mimi nilikuwa nimekaa katikati ya bibi wawili, dada wa huyo shangazi aliyefariki, na kumbe wote wawili walikuwa wanaimba alto, ile ile, so so so kisha chini, bila kitabu. Simu imewachukua wao kwanza na kanisa lote nyuma yao. Nilimpigia mkubwa wao nikamuuliza nani aliwafundisha. Akasema, "Si bibi yako? Kanisani alikuwa akiimba hiyo. Nyumbani ndipo alikuwa akiwaimbia ile nyingine, nyie watoto."

Mzee wa kanzu aliikuta ikilia juzi, akaketi kwenye benchi bila kusema kitu mpaka ikaisha. Kisha akauliza kama pindo liko tayari.